Sinia Ambalo Hakuna Aliyeliagiza

Kwa mama mkwe wake, Fundi alikuwa mtu anayefanya kazi katika maktaba isiyo na kitabu hata kimoja. Jirani akiuliza yule mkazamwana anafanya nini, mama alijibu hivyo hivyo bila kutabasamu, kisha akaongeza kwamba maktaba yenyewe iko juu ya meza ya kulia na ina msomaji mmoja tu. Hilo jina la Fundi alipewa na ukoo wa mumewe siku alipokuja kutambulishwa. Alikuta televisheni imezimika, akachomoa waya, akauchomeka tena, ikawaka. Tangu siku hiyo simu, redio na pasi zilizokufa zote zilipelekwa kwake, na akisema hajui pasi anaonekana ana maringo.

Kazi yake ya kweli ilikuwa kutunza msimbo, yaani maandishi ya kuendeshea kompyuta, ambao mafundi wengine wa kompyuta huuchukua bure na kujengea mifumo yao. Mkusanyiko wa namna hiyo ndio huitwa maktaba, na hii yake ilikuwa ya GraphQL, lugha ambayo programu moja huitumia kuomba kitu kwa nyingine, ikitaja inachotaka nafasi kwa nafasi. Alikuwa ameianzisha na mwenzake mmoja aliyeishi mbali, ambaye hakuwahi kuonana naye uso kwa uso. Fundi alimwita Mzee wa Kanuni kwa kuwa hakumaliza hoja bila kutaja kifungu cha mwongozo wa lugha hiyo.

Sasa, Fundi alikuwa na msimamo wake, na ukimgusa hapo anawaka. Aliamini kwamba anayeomba kitu aseme anachotaka. Ukituma ombi lenye nafasi ya lazima uliyoiacha wazi, maktaba ililirudisha na sentensi aliyoitunga mwenyewe kwa furaha kubwa: "Sema unachotaka, usituache tukisie." Watu walikuwa wamemwomba muda mrefu aweke chaguo-msingi, yaani kile kitakachojazwa chenyewe mtu asiposema kitu. Ombi hilo lilikaa kwenye ukurasa wa maktaba mtandaoni, watu wakipita na kuliunga mkono. Mzee wa Kanuni naye aliliunga mkono, akataja kifungu. Fundi akajibu kwamba watafikiria, na sote tunajua maana ya mtu kusema atafikiria.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ila wakati huo Fundi hakujua kwamba ufa uko kwake.

Mama mkwe alikuwa na goti. Kila mtu ana goti, lakini la mama lilikuwa limesagika hadi kupanda ngazi mbili za mlango wa nyuma ikawa safari. Daktari wa mifupa alikuwa akija hospitali yao kwa zamu, anapasua siku chache, anaondoka, na foleni inabaki ikimngoja. Mama alipopata nafasi nyumba nzima ilifurahi. Alilazwa kitanda cha dirishani, akaambiwa tangu jioni asile wala asinywe kitu, kwa sababu atachomwa sindano ya usingizi na tumbo likiwa na kitu anaweza kukabwa na matapishi. Asubuhi likaja sinia la mkate, yai na chai. Mama akala. Daktari alipofika na kuambiwa, akaahirisha.

Zamu iliyofuata mama akalazwa tena. Sinia likaja tena. Safari hii aliuacha mkate, akala nusu ya yai, akanywa chai yote. Daktari hakufoka. Alisema tu kwa upole, ule upole wa mtu aliyechoka, kwamba ikitokea mara ya tatu nafasi hiyo itapewa mwingine, na mama atarudi mwisho wa foleni.

Nyumbani jambo hilo likawa mzaha. Wifi yake Fundi alisema mama na chai walifunga ndoa kabla ya baba. Mumewe Fundi, ambaye kwa kawaida ni mtu mpole, alikuwa kwenye simu na dada yake huyo ukumbini alipotamka kwamba tukubali tu, mama ni mlafi, njaa ya saa chache inamshinda. Hakujua kuwa mama amesimama kwenye korido, ameshika ukuta.

Ni neno baya kumwambia mtu mzima yeyote, na kwa mama huyu lilikuwa baya zaidi. Aliwalea watoto wake akila mwisho, kile kilichobaki sufuriani, na siku nyingine sufuria ilikuwa haina kitu naye akasema ameshiba. Alitoka koridoni, akarudi chumbani pole pole, na kesho yake akatangaza kwamba hospitali haendi tena, atakaa na goti lake, wamezoeana. Aliposihiwa alisema neno moja tu, lile lile alilolisema tangu mwanzo, kwamba aliletewa. Mumewe Fundi akamjibu kwamba kuletewa si kulazimishwa.

Fundi hakuwa na upande. Alimpenda mama mkwe kwa ule upendo wa heshima na tahadhari, wa watu wanaotumia jiko moja. Alipotumwa hospitali kufuata shuka walizosahau wodini, alikwenda kwa ajili ya shuka tu.

Muuguzi wa zamu alikuwa kwenye kiti akiagiza vyakula vya wagonjwa kwa tableti, ile kompyuta ndogo bapa, kitanda kwa kitanda. Fundi akamsalimia, akasema yeye ni mkwe wa mama wa dirishani, yule wa chai. Muuguzi akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alisema jambo lile lilimsumbua, kwa sababu mwenyewe kwa mkono wake alichagua "Hakuna" kwenye nafasi ya chakula cha mama, mara zote mbili.

"Labda ulisahau," Fundi alisema kwa adabu.

"Dada, kusahau ningesahau mara moja." Muuguzi aliendelea kubonyeza. "Na hiki kitu siku hizi hakikukumbushi. Zamani ukiacha nafasi kilikuwa kinagomba, kinakwambia sema unachotaka, usituache tukisie. Wodi nzima tulikuwa tunakichukia. Basi wakakitengeneza, sasa ukiacha wazi kinaweka chakula cha kawaida chenyewe. Unagusa wale wa sukari na wale wa kufunga tu, umemaliza."

Fundi alihisi masikio yanapata moto. Ni jambo la ajabu kusikia maneno yako mwenyewe mdomoni mwa mtu usiyemjua, na kusikia katika pumzi ile ile kwamba wodi nzima iliyachukia. Akauliza ni nani aliyekitengeneza. Akaelekezwa nyuma ya jiko la hospitali, kwenye chumba kinachonuka vitunguu, kwa mtu wa kompyuta wa hospitali, ambaye wote walimwita Bwana Mifumo.

Bwana Mifumo alikuwa mtu mnene, mtulivu, mwenye feni ndogo iliyomwelekea yeye peke yake. Fundi alipojitambulisha na kutaja maktaba yake, yule bwana alimtazama sana.

"Wewe ndiye 'tutafikiria'?"

"Ni mimi," Fundi alisema.

Bwana yule hakuwa na kinyongo, au kama alikuwa nacho alikiweka kando. Alivuta kiti cha pili, akageuza feni kidogo, akamwonyesha. Alikuwa miongoni mwa waliomwomba Fundi chaguo-msingi. Alipokosa, na wauguzi wakawa wanampigia kelele kila siku, aliifanya nafasi ya chakula kuwa ya hiari ili maktaba isigombe, kisha akaandika mstari wake mwenyewe: nafasi ikifika tupu, weka chakula cha kawaida. Mstari ulikuwa safi. Ulifanya kazi vizuri. Tatizo halikuwa pale.

Fundi aliliona kabla bwana hajamaliza kueleza, akatamani asiwe ameliona. Muuguzi akiiacha nafasi bila kuigusa, hakusema kitu. Akichagua "Hakuna", amesema kitu, tena kizito kuliko vyote: mtu huyu asipewe. Tableti ilituma mambo mawili tofauti. Lakini maktaba ya Fundi, kwenye nafasi za hiari, ilikuwa ikiyapokea yote mawili na kuyakabidhi kwa sura moja, tupu. Yalipofika kwenye mstari wa Bwana Mifumo hayakuwa na alama ya kuyatofautisha. Aliyenyamaza alipata mkate na yai, na aliyekatazwa kula alipata mkate na yai vile vile. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Na wagonjwa wengine wanaofunga?" Fundi aliuliza.

Bwana Mifumo alifikiri. Alisema jiko lilikuwa likirudishiwa masinia yamepoa, hayajaguswa, na mpishi mkuu alikuwa ameanza kununa akidhani watu hawapendi mapishi yake. Wengine waliletewa wakaacha tu.

Jioni ile Fundi alikaa kwenye meza ya kulia, kompyuta mbele yake. Mama mkwe alikuwa upande wa pili akishona kifungo cha shati la mwanawe, maana kununa hakukumzuia kushona. Fundi alizunguka kidogo, kama tufanyavyo tukiwa na jambo, akauliza habari za goti, akauliza kama taa inatosha. Kisha akasema.

"Mama, lile sinia hukuliomba, na muuguzi hakuliagiza. Mashine ndiyo iliyolileta. Na mashine hiyo, sehemu yake moja nimeiandika mimi."

Mama alivuta uzi hadi mwisho. Aliuliza mashine inawezaje kuleta chakula ambacho hakuna aliyekiomba. Fundi alimweleza kwamba kuna mtu asiyesema kitu, na kuna mtu aliyesema asiletewe kitu, na yeye katika kazi yake aliwachukulia wawili hao kuwa mtu mmoja.

"Hao si mtu mmoja," mama alisema.

"Sasa najua, mama."

"Mgeni akinyamaza unampakulia. Akisema sitaki, humpakulii. Hilo hamfundishwi?"

Fundi alisema tu, "Nisamehe, mama. Umeitwa jina lisilo lako kwa kosa letu."

Mama alishona vishimo vyote vya kile kifungo kabla ya kusema tena. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini sauti ilikuwa ile ile. Alisema yeye amekwisha kusamehe, aliyelitamka neno ndiye hajasema kitu.

Fundi alimweleza mumewe usiku huo huo, pamoja na kwamba mama alilisikia lile neno. Mumewe alisikiliza, akaelewa habari ya mashine haraka, kisha akasema sawa, mashine ilikosea, lakini mama si alikuwa ameambiwa asile? Mtu mzima akiambiwa asile na sinia likaletwa, analisukuma kando. Fundi aliona kwamba mumewe hakuwa mkatili. Alikuwa ameshalizoea wazo lake, na wazo ulilolizoea ni kama kiatu kikuukuu, kukivua ni kazi.

Mama alipoambiwa zamu ya daktari imekaribia, alikubali kwenda kwa sharti moja. Mwanawe awepo kando ya kitanda asubuhi, masinia yakipita. Sinia lake lisipokuja, aone mwenyewe jinsi anavyokaa na njaa. Likija, asiseme neno, amrudishe nyumbani, na habari ya goti isitajwe tena katika nyumba ile mpaka azikwe. Alisema hivyo akiwa ametulia kabisa, ndiyo maana wote walijua hatanii.

Basi Fundi akafanya kazi. Haraka haraka haina baraka, lakini zamu ya daktari nayo haingojei baraka. Kwenye kila nafasi sasa mjenzi wa mfumo aliweza kuandika, pale pale inapoelezwa nafasi hiyo, kitakachowekwa mwombaji asipoitaja. Asipoitaja, chaguo-msingi linaingia. Akiitaja na kusema "Hakuna", hiyo "Hakuna" inabaki "Hakuna", wala kitu chochote hakiijazi njiani. Na kama nafasi ni ya lazima na ina chaguo-msingi, mtu anaruhusiwa kuiruka, ila haruhusiwi kuijaza utupu. Ukieleza ni rahisi. Kuiandika kulimbidi afungue vyumba vya msimbo ambavyo hakuwa amevigusa tangu ujana wa maktaba, na kila alichokisogeza kiliangusha kingine.

Alimpelekea Mzee wa Kanuni aikague. Mzee akashangaa kwanza, akauliza imekuwaje mwamba umelainika. Fundi akamjibu kwamba mama mkwe wake ameusoma mwongozo vizuri kuliko yeye. Mzee akacheka, akakagua, akataja vifungu, kisha akakamata kosa ambalo lingewaaibisha tena: chaguo-msingi likiwa orodha, maombi yote yalikuwa yakitumia orodha moja ile ile. Mgonjwa wa kwanza akiongezewa tunda, wote wanaomfuata wanapata tunda. Fundi akashika kichwa. Akarekebisha kila ombi lipewe nakala yake, akafuta ile sentensi yake ya kugomba na kuweka nyingine ya kiungwana, akatoa toleo jipya. Bwana Mifumo akalichukua siku hiyo hiyo, akaufuta mstari wake, akaweka chakula cha kawaida kuwa chaguo-msingi, akajaribu kwa wodi ambayo haikuwa na wagonjwa. Akaandika ujumbe mfupi: vitanda vya "Hakuna" havikupata kitu, lakini wodi tupu si wodi yenye watu, tuombe heri.

Asubuhi ya upasuaji walikuwa wote watatu kwenye kitanda cha dirishani. Mama alikaa wima, kilemba chake kimefungwa vizuri kama anayekwenda mkutanoni. Mumewe Fundi alikaa kwenye kiti cha plastiki, amekunja mikono. Fundi alisimama miguuni pa kitanda kwa sababu kukaa alikuwa hawezi. Alikuwa amejaribu msimbo ule kwa kila namna aliyoweza kufikiri.

Troli ya chakula ilisikika kabla ya kuonekana. Ilikuwa na gurudumu moja linalolia. Mwanamke aliyeisukuma alikuwa wa makamo, mwenye aproni ya kijani, na alisimama kila kitanda, akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye sinia, akaliweka, akapita. Harufu ya chai ilitangulia. Alifika kitanda cha jirani, akamwekea mgonjwa sinia lake. Akavuta troli. Akasimama mbele ya mama, akasogeza masinia yaliyobaki moja moja akisoma karatasi.

"Wewe leo huna kitu, mama," akasema.

Mumewe Fundi akamtazama mkewe, akaitikia kwa kichwa kidogo, ishara ya hongera. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Lakini mama wa troli hakuondoka. Alikuwa anamtazama mgonjwa wake kwa namna ya mtu anayekumbuka.

"Si wewe ndiye uliyekuwa unakataa?" akauliza. "Nilikuletea ukanirudishia, ukasema umeambiwa usile. Mimi nikakwambia hapana, lina jina lako, limetoka kwa daktari, kula mama upate nguvu. Na mara ya pili vile vile. Nikasimama hapa mpaka ukanywa chai. Baadaye nikasikia upasuaji uliahirishwa, roho ikaniuma."

Mumewe Fundi alikunjua mikono, akaiweka magotini, akaonekana hajui pa kuipeleka.

"Hukutuambia, mama," alisema hatimaye. "Ulisema uliletewa tu."

"Ningekwambia ungekuja kumgombeza huyu hapa mbele ya watu, kazini kwake. Naye alinitakia mema." Mama alimgeukia mwenye troli, akamwambia aende, watu wanangoja, chai yao inapoa. Yule mwanamke akaomba radhi, akasukuma troli yake ikilia hadi kitanda cha mbele.

Kwenye kitanda cha jirani mgonjwa alianza kukoroga sukari. Ndipo tumbo la mama likanguruma, kwa muda mrefu, wazi, wote wakalisikia. Mama hakuona haya. Alimtazama mwanawe.

"Unaisikia njaa?" alisema. "Ndiyo hiyo uliyosema inanishinda."

Mwanawe aliinama mpaka paji la uso likagusa ukingo wa godoro, akasema nisamehe mama, na alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba Fundi aliona mabega yake zaidi kuliko alivyosikia maneno. Mama aliweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha hapo. Muda si muda wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu, wakauliza mgonjwa amekula nini tangu jana jioni, na mwanawe akawahi kujibu kwamba hajala kitu.